Fleti au nyumba ya kujitegemea: fuata kwanza njia ya kelele

Swali la msomaji, Mbeya: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni muuguzi, na wiki mbili katika kila mwezi ninaingia zamu ya usiku, hivyo ninalala mchana. Tumepanga fleti katika ghorofa ya kwanza ya jengo lililopo Forest Mpya, na juu yetu kuna ghorofa nyingine moja. Jirani wa juu ana watoto wanaokimbia, viti vinaburuzwa, na kinu hutwangwa karibu kila siku. Jirani wa pembeni tunamsikia akizungumza chumbani kwake neno kwa neno, na mwisho wa wiki anafungulia sabufa. Mume wangu amepata nyumba ya kujitegemea upande wa Uyole, mita 60 hivi kutoka barabara kuu, yenye uzio na madirisha ya luva, kwa kodi inayokaribiana na tunayolipa sasa, ila mwenye nyumba anataka miezi sita kwa mkupuo. Je, tukihamia huko tutaondokana na kelele, au tutakuwa tumebadilisha kelele moja kwa nyingine?

Jibu: Marahaba, binti yangu, na pole kwa kazi ya usiku. Barua yako nimeisoma mara mbili, kwa sababu ndani yake zimo kelele tatu za tabia tofauti ambazo mmezifunga katika furushi moja, na nadhani hapo ndipo ugumu wa uamuzi wenu ulipo. Nyumba ya kujitegemea itakuondolea kabisa kelele moja kati ya hizo, yaani ile inayotoka juu. Ya pili, mazungumzo ya jirani wa pembeni, kwa kawaida inaweza kuzibwa hapo hapo mlipo kwa gharama ndogo kuliko ya kuhama. Ya tatu, sabufa, inaweza kuwafuata hata mkiwa na uzio. Nyumba ya Uyole kwa jinsi ulivyoieleza ina kelele yake ya nne, ya barabara, na kwa mtu anayelala mchana kama wewe, siwashauri muilipie kabla ya kufanya ukaguzi nitakaoueleza.

Sauti humfikia mtu ndani ya nyumba kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni hewa: mtu anazungumza, redio inaimba, mbwa anabweka, na hewa inabeba sauti hiyo mpaka ikutane na ukuta, ambapo sehemu kubwa inarudishwa na kidogo kinapenya. Njia ya pili ni mwili wa jengo lenyewe. Mchi unapotua ndani ya kinu kilichowekwa juu ya sakafu ya vigae, nguvu yake inaingia moja kwa moja kwenye zege, na zege hilo, kwa kuwa ni gumu na limeshikamana na nguzo na kuta zote, linautoa mshindo ule kwenye dari yako na hata kwenye kuta zako, zikawa kama ngozi ya ngoma iliyopigwa kutoka chumba kingine. Slabu, yaani sakafu hiyo ya zege iliyo juu yako, ikiwa na unene wa sentimita 15 ina uzito wa kilo 360 hivi kwa kila mita ya mraba, na uzito huo unatosha kabisa kuzuia maneno yasishuke. Ndiyo maana unavisikia vishindo vya watoto wa jirani lakini, bila shaka, husikii wanachosema. Zege linazuia sauti ya hewani vizuri sana, na zege hilo hilo ni msafirishaji hodari wa mishindo.

Kutokana na hilo, nawasihi msipoteze fedha kujaribu kuizuia kelele ya juu kutokea chini. Dari ya jipsamu iliyoning'inizwa chini ya slabu hupunguza kidogo, lakini mshindo unaoshuka kupitia kuta huizunguka dari hiyo na kukufikia ubavuni. Mshindo huzuiwa pale unapozaliwa, kabla haujaingia kwenye zege: zulia nene au mkeka juu ya godoro jembamba mahali watoto wanapochezea, vipande vya mpira chini ya miguu ya viti na meza, na kinu kikalishwe juu ya kipande cha tairi la gari lililotandikiwa gunia lililokunjwa mara mbili au tatu. Hilo la kinu linaweza kuonekana dogo, lakini nimewahi kusimama katika chumba cha chini wakati mama mmoja anatwanga karanga juu, kwanza kinu kikiwa juu ya vigae vitupu kisha kikiwa juu ya tairi na gunia, na mara ya pili ilinibidi nitege sikio ili nihesabu mapigo ambayo mara ya kwanza yalikuwa yakitikisa glasi kabatini.

Ukiomba kwa heshima, mambo hayo jirani ataweza kuyafanya, nami nitarudi kwenye namna ya kuomba. Lakini asipokubali, huna ulichobakiza katika fleti ya chini. Hapo kuhama ni halali kabisa, na si lazima iwe nyumba ya kujitegemea. Fleti ya ghorofa ya juu kabisa, hata katika jengo hilo hilo, inakuondolea mshindo ule ule kwa sababu hakuna anayetembea juu yako.

Sasa jirani wa pembeni. Hapa nataka kukaa kidogo, kwa kuwa ndipo watu wengi wanapokosea, na ndipo tiba ilipo rahisi. Ukuta wa tofali moja jembamba, la kuchoma au la saruji, uliopigwa plasta pande zote mbili na kuzibwa sawasawa, hupunguza sauti ya hewani kwa takribani desibeli 45 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Mazungumzo ya kawaida, ukiwa mita moja kutoka kwa msemaji, yana desibeli 60 hivi. Toa 45 katika 60, zinabaki 15, kiasi ambacho hata pumzi zako mwenyewe zinakifunika. Kwa hesabu hiyo, kumsikia jirani neno kwa neno ni dalili kwamba sauti haipiti ukutani. Inapita tunduni.

Mwanya mdogo sana unatosha kuuharibu ukuta mzuri. Chukua ukuta wa chumba wenye urefu wa mita 4 na kimo cha mita 3, yaani mita 12 za mraba. Uachie mwanya wa sentimita 3 tu juu, katika urefu wake wote. Mwanya huo ni asilimia moja ya ukuta, lakini ukuta wa desibeli 45 unageuka kuwa ukuta wa desibeli 20, na yale mazungumzo ya 60 yanakufikia yakiwa na 40, ambayo katika chumba kilichotulia yanasikika kila neno. Fundi akijenga ukuta wa pili mbele ya huo na kuuacha mwanya wazi, umelipa ukuta na jirani bado unamsikia.

Nililijua jambo hili kwa mwili kabla sijalijua kwa hesabu. Miaka ya mwanzo ya kazi yangu nilipanga chumba na sebule Kihesa, Iringa, katika nyumba ndefu ya wapangaji watano chini ya paa moja la bati. Usiku nilimsikia jirani akikohoa, akigeuka kitandani, akihesabu fedha za biashara yake kwa sauti ya chini. Nikadhani kuta ni dhaifu. Siku moja nilipanda darini kwa tochi kufuata waya wa umeme, nikakuta kwamba kuta za vyumba vyote zimeishia kwenye lenta, ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha, na kuanzia hapo hadi kwenye kenchi ni uwazi mmoja kuanzia chumba cha kwanza hadi cha tano, unaoweza kutambaa ndani yake kama handaki. Tulikuwa watu watano tuliogawanywa na kuta imara na kuunganishwa na dari za mbao nyembamba. Kwa ruhusa ya mwenye nyumba nilinunua matofali ya kuchoma karibu 200, fundi akapandisha ukuta wangu mpaka kwenye bati, akaziba pembeni mwa kenchi na kupiga plasta upande mmoja. Usiku ule nililala na sikumsikia tena jirani akikohoa.

Fleti yenu iko chini ya slabu, kwa hiyo hamna handaki la namna hiyo, ila mwanya unaweza kuwapo kwa njia nyingine. Mafundi wengi hujenga ukuta wa ndani baada ya slabu kumwagwa, na ile kozi (safu ya matofali) ya mwisho chini ya slabu huachwa bila kushindiliwa udongo wa saruji, kisha dari ya jipsamu inafungwa chini yake na kuficha kila kitu. Pengine plasta nayo imeishia usawa wa dari, na juu yake matofali yako wazi. Soketi za umeme nazo mara nyingi huchimbwa mgongo kwa mgongo, ya kwenu na ya jirani, mpaka unabaki utando wa plasta katikati. Chunguzeni pia matofali ya matundu juu ya madirisha, na upenyo chini ya mlango unaotazamana na mlango wake kwenye ujia.

Kuutafuta mwanya hakuhitaji kifaa cha gharama. Usiku zimeni taa zote chumbani, mwombeni jirani awashe tochi kali na kuipitisha polepole kwenye soketi na pembe za ukuta wa kwake, nanyi mtazame upande wenu. Tumieni pua vilevile: mkiwa chumbani na mkanusa kitunguu cha jirani kinachokaangwa kabla hata hamjafungua dirisha, hewa imepata njia, na palipopita hewa sauti haishindwi. Kwa dari, mwombeni mwenye nyumba aruhusu kukata kitundu cha kuingiza kichwa na tochi. Mkishaona, kuziba ni kazi ya siku moja: udongo wa saruji ulioshindiliwa, plasta pale ilipokosekana, silikoni kuzunguka soketi baada ya umeme kuzimwa, na mpira chini ya mlango. Msibandike trei za mayai ukutani kama wengi wanavyoshauriana. Trei zinapunguza mwangwi kidogo ndani ya chumba chako mwenyewe, lakini ni nyepesi mno kuizuia sauti ya mtu mwingine isiingie; kinachozuia ni uzito na uzibaji.

Sabufa ni habari nyingine, na hapa sitakupa matumaini yasiyokuwapo. Mlio wake mzito una mawimbi marefu sana. Mlio wa mapigo 50 kwa sekunde una wimbi la karibu mita 7, refu kuliko chumba chako. Mawimbi hayo hupenya kuta zinazozuia maneno bila shida, na huingia pia kwenye sakafu kama mshindo pale sabufa inapokaa juu ya vigae. Jirani akiiondoa kwenye kona ya chumba na kuiweka juu ya kipande kinene cha godoro, akapunguza kitufe cha besi tu na kuacha kile cha sauti kama kilivyo, ataendelea kufurahia muziki wake nawe utapata nafuu kubwa. Ukuta wowote utakaoongeza upande wako hautafanya kazi hiyo.

Tuje Uyole. Watu husema nyumba ya kujitegemea ina utulivu kwa sababu haigusani na nyingine, na kwa upande wa mishindo ni kweli tupu: hatua ya jirani haiwezi kuruka ardhini ikapanda ukutani kwako. Lakini nyumba hiyo inapokea sauti ya hewani kutoka pande zote nne na juu, ilhali fleti ya katikati ina kuta za wenzake zinazoikinga pande mbili au tatu. Kwa hiyo nyumba ya kujitegemea inategemea mno vitu vitatu ambavyo mpangaji wa fleti havifikirii sana: umbali, madirisha na paa.

Kuhusu umbali, lori zito linalopanda kwa gia nzito hutoa desibeli kama 85 kwa mtu aliye mita 7 au 8 kutoka kwake. Kwa lori moja, kila umbali unapoongezeka mara mbili, sauti hupungua kwa desibeli 6, hivyo katika mita 60 zinabaki 67 hivi nje ya dirisha lako. Madirisha ya luva, hata yakiwa yamefungwa, hayazibi, kwa sababu vioo vyake vinalaliana bila kubanana. Ukihesabu kwamba yanapunguza desibeli 10 tu, chumbani zinaingia 57. Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa mwaka 1999 lilishauri kwamba, ili mtu alale vizuri, kelele ya ghafla ndani ya chumba cha kulala isizidi desibeli 45, na ile ya mfululizo isizidi 30. Wewe utakuwa unajaribu kulala saa nne asubuhi kando ya barabara inayobeba mizigo ya kwenda na kutoka Tunduma, mchana, wakati malori, mabasi na bodaboda ziko katika pilika zake zote, na upande wa Nsalaga kazi ya upanuzi wa barabara hiyo kuwa ya njia nne, ikiwa bado inaendelea, inaongeza mitambo yake. Mshindo wa kinu ni wa dakika kumi. Barabara ile haina saa ya kupumzika.

Kwa hesabu hiyo hiyo, nyumba kama hiyo iliyo mita 240 kutoka barabarani, hata ikiwa na luva, ingeingiza 45. Na nyumba ya mita 60 yenye madirisha ya aluminiamu yenye mpira unaobana vizuri na kioo cha milimita 4 ingeweza kupunguza desibeli 25, ikaingiza 42. Unaona kwamba dirisha linafanya kazi ya mita 180 za ardhi. Kwa hiyo mkimshawishi mwenye nyumba wa Uyole abadilishe madirisha mawili tu ya chumba cha kulala, au awaruhusu muyabadilishe na kukata gharama kwenye kodi, mazungumzo yanakuwa mengine.

Katika jambo hili baridi ya kwetu ni rafiki. Mtu wa Kyela au Dar es Salaam akifunga dirisha kwa ajili ya kelele, joto linamfungulia; sisi wa Mbeya na Iringa, hasa Juni na Julai, tungelifunga hata pasipokuwa na kelele, na mpira unaozuia sauti ndio unaozuia upepo. Hata hivyo, naomba usome sentensi inayofuata kwa makini kuliko nyingine zote: chumba kilichozibwa vizuri hakiingizwi jiko la mkaa hata kwa dakika chache za kuota moto, kwa sababu hewa ya sumu inayotoka kwenye mkaa haina harufu wala rangi, na aliyelala haamki kuikimbia. Wewe ni muuguzi na unalijua hilo, ila waambie na walio nyumbani.

Uzio mliousifia utasaidia kidogo kuliko unavyoonekana. Ukuta wa uzio huzuia sauti pale tu unapoficha chanzo chake. Ukisimama penye mto wako ukatazama dirishani na huoni bomba la moshi la lori linalopita, unaweza kupata nafuu ya desibeli 5 au zaidi; ukiliona, uzio huo ni wa wezi, si wa kelele. Kama barabara imeinuka kuliko kiwanja, hilo ndilo litakalotokea. Miti nayo, pamoja na mapenzi yetu ya kupanda misonobari na mikaratusi mipakani, haizuii sauti kwa mistari miwili au mitatu. Inahitaji msitu wa makumi ya mita. Inaficha barabara machoni, na hilo hutuliza moyo, lakini sikio halidanganyiki.

Paa la bati bila dari iliyozibwa vizuri litakufundisha mvua ya Novemba hadi Aprili ina uzito gani. Dari ya jipsamu isiyo na nyufa inapunguza sana, na nafuu inaongezeka zaidi pakitandazwa sufi maalumu ya kuhami juu yake. Mvua, hata hivyo, ni kelele ya mfululizo, na wengi hulala vizuri chini yake kuliko chini ya ukimya unaokatizwa. Linalomwamsha mtu ni mabadiliko, kimya kisha ghafla geti la chuma linabamizwa. Kwa sababu hiyo usishangae mkihamia kwenye kiwanja kilichotulia kabisa, Isyesye au Ituha kwa mfano, mkaanza kusumbuliwa na mbwa mmoja wa mbali ambaye Forest msingemsikia. Utulivu ulipo mkubwa, sauti ndogo huonekana kubwa.

Kuna jambo jingine la bonde letu ambalo mgeni halijui. Usiku wa kipupwe, anga likiwa jeupe na upepo umetulia, ardhi chini ya mlima Loleza inapoa haraka, na hewa iliyoigusa inakuwa baridi kuliko ile iliyo juu yake. Sauti husafiri haraka zaidi katika hewa yenye joto, kwa hiyo ile iliyokuwa ikipaa inapindishwa na kurudi chini mbali na ilikotoka. Ndiyo sababu Julai honi ya treni ya TAZARA pale Iyunga husikika mbali sana kana kwamba reli imesogezwa. Mchana mambo hugeuka: jua linapasha ardhi, sauti za mbali zinapindishwa juu na kupotea. Kwa wewe unayelala mchana hiyo ni habari njema kwa baa na kumbi za mbali, ila haikusaidii chochote kwa kilicho karibu, kama mashine ya kusaga, karakana ya kuchomelea mageti, uwanja wa shule, au jirani anayejenga. Viwanja vipya vya pembezoni vimejaa ujenzi, na kugonga nondo huanza asubuhi ile ile unayorudi kutoka zamu.

Kuhusu sheria, mnayo haki, lakini ijue mipaka yake. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 na kanuni zake za kudhibiti kelele na mitetemo za mwaka 2015 zinaweka viwango vya kelele kwa makazi, na kiwango cha usiku ni kikali kuliko cha mchana. NEMC, yaani Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, wana ofisi ya Kanda ya Nyanda za Juu Kusini hapo hapo Mbeya, na halmashauri ya jiji ina maofisa wa mazingira. Kwa baa au mashine inayopiga kelele, huko ndiko kwa kwenda. Kwa kinu cha jirani saa tano asubuhi sidhani kama kuna ofisa atakayekuona una kesi, na mimi nisingependa uanzie huko, kwa sababu jirani aliyeitwa kwa mwenyekiti wa mtaa kabla ya kuambiwa mlangoni kwake atakuwa na kila sababu ya kutwanga kwa nguvu zaidi.

Nenda mwenyewe, siku usiyokuwa na hasira, usiende umetoka kuamshwa. Wengi wetu hatujui kwamba jirani analala mchana, na mama yule wa juu huenda anadhani uko kazini. Mpelekee ratiba ya zamu zako za mwezi, mwambie saa unazolala, na mwombe kinu kipigwe kabla ya saa mbili asubuhi au baada ya saa tisa alasiri katika wiki zako mbili tu. Kipande cha tairi na gunia mpelekee wewe, tayari kimekatwa, kwa sababu ombi linaloambatana na kitu mkononi ni gumu kukataliwa. Nyanda zetu zinalielewa jambo hili: Mnyakyusa akikusalimu ugonile anakuuliza kama umelala. Ukifika mahali pa mwenye nyumba, ombeni aingize katika mkataba wa wapangaji wote saa za utulivu na zulia kwa vyumba vya juu.

Wakati mambo hayo yakifanyiwa kazi, vizibo vya masikio vya sponji vikiingizwa sawasawa hupunguza desibeli 20 hivi za maneno na magari, ingawa kwa kinu na sabufa nafuu yake ni ndogo. Mlio mwororo wa mfululizo, kama wa feni iliyoelekezwa ukutani, hufunika zile sauti ndogo zinazokuja na kukatika. Kitanda kisogezwe mbali na ukuta wa jirani, kisiuguse.

Kwa hiyo ningekuwa mimi ningefuata mpangilio huu. Wiki hii mzungumze na jirani wa juu na kutafuta mwanya upande wa pembeni. Mwezi mmoja unatosha kujua kama mshindo umepungua. Usipopungua, ulizeni kwanza kama fleti ya juu kabisa, hapo au jengo jingine, itapatikana, nanyi mchungulie darini mwake kama ukuta umefika kwenye bati, maana huko ndiko handaki la Kihesa linakoweza kurudi. Kama bado moyo uko kwenye nyumba ya kujitegemea, tafuteni iliyo mita 200 au zaidi kutoka barabara kuu, yenye madirisha yanayobana na dari isiyo na matundu.

Na kabla ya kumpa mtu yeyote kodi ya miezi sita, mwombeni funguo za nyumba tupu kwa saa tatu. Nendeni siku ya kazi, saa nne asubuhi, saa ile ile unayolala, mkiwa na mkeka. Funga madirisha ya chumba cha kulala, zima simu, lala chali na ufumbe macho kwa saa nzima, huku mume wako akiwa nje akiandika kila kilichopita na dakika yake. Mkimaliza, mweleze ulichosikia kabla hujaiona karatasi yake. Rudini tena Jumamosi saa tatu usiku, kisha Jumapili alfajiri, kwa sababu majirani wa Jumatano si wale wa mwisho wa wiki. Dalali akikataa kuwapa hizo saa tatu, msitoe fedha.